Mwalimu Nosim Kaika (1946–1989): Maisha Yake na Darasa la Michezo ya Kompyuta Karatu

Ndugu zangu mliofika hapa Mbulumbulu leo, Jumamosi tarehe 12 Agosti 1989, mliotoka Ganako na Karatu mjini, mliotoka Ngorongoro, na ninyi mliosafiri tangu juzi kutoka Enguserosambu: familia imenipa mimi, Metui Kaika, mdogo wake marehemu, kazi ya kuwasomea maisha ya dada yetu. Mimi ni bwana mifugo, si mwalimu. Mambo ya kompyuta nitayaeleza kama alivyonieleza yeye mwenyewe, na wanafunzi wake wameyapitia maneno haya jana ili nisije nikapotosha.

Mwalimu Nosim alizaliwa Enguserosambu mwaka 1946, mtoto wa pili wa Mzee Kaika na Mama Nanyokie. Siku yenyewe haikuandikwa. Padre aliyembatiza alimwuliza mama, na mama akajibu kwamba ilikuwa mwanzo wa mvua kubwa, ng'ombe walipokuwa wamesharudi kutoka malisho ya mbali. Padre akaandika tarehe 20 Machi, na hiyo ndiyo iliyobaki katika vyeti vyake vyote.

Alikua akichunga ndama karibu na boma. Sisi watoto tulikuwa na mchezo wetu wa mawe: mawe ni ng'ombe, vijiti ni uzio. Watoto wote wa kwetu huucheza. Lakini alipoingia Nosim, mchezo ulipata sheria. Alichagua jiwe moja jeusi akasema hili ni simba, na simba ana zamu yake kama mtu mwingine yeyote. Ukisahau kufunga mlango wa boma lako, zamu ya simba ikifika anaingia. Kaka yetu mkubwa, Lembris, alipoteza ng'ombe wake wote kwa simba huyo, akaenda kumshtaki dada kwa baba. Baba aliisikiliza kesi hadi mwisho, kisha akauliza, "Mlango ulikuwa wazi?" Lembris akakubali kwamba ulikuwa wazi. "Basi wameliwa," akasema baba, akaendelea kunywa maziwa yake.

Mwaka 1954 serikali ya wakati ule ilitaka kila boma litoe mtoto wa kwenda shule. Baba hakutaka kutoa mvulana, kwa kuwa wavulana walikuwa wa kuchunga. Akamtoa Nosim, akamwambia mama, "Huyu hatakaa. Watamchoka watuletee." Hawakumchoka. Alisoma shule ya msingi na ya kati huko Loliondo hadi mwaka 1961, akachaguliwa kwenda sekondari ya wasichana mkoani Kilimanjaro, akamaliza kidato cha sita mwaka 1967. Baada ya Jeshi la Kujenga Taifa alijiunga na Chuo Kikuu, Dar es Salaam, akasomea hisabati na ualimu, akahitimu mwaka 1972. Baba alikwenda kwenye mahafali akiwa amevaa shuka lake jipya na viatu vya matairi. Alipoulizwa na mgeni mmoja binti yake amesomea nini, akajibu, "Amesomea kutorudi." Alisema hivyo akicheka, na tangu siku hiyo hakuruhusu mtu mwingine yeyote kumtania binti yake kuhusu shule.

Kazi yake ya kwanza haikuwa ualimu. Alichukuliwa na ofisi moja ya serikali mjini Dar es Salaam iliyokuwa na kompyuta, mashine iliyojaza chumba kizima. Huko alijifunza kuandika programu, yaani maelekezo ambayo mashine huyafuata moja baada ya jingine, bila kuongeza lake wala kuacha lako. Mwaka 1974 serikali ilipozuia kuingiza kompyuta nchini, kitengo chake kilipunguzwa watu, akaomba kurudi kwenye ualimu. Alipangiwa sekondari mjini Arusha. Nilipomwuliza kama amesikitika, alisema chumba kile kilikuwa cha baridi na kimya sana, na yeye anapenda darasa lenye kelele.

Pale Arusha jenereta ya shule iliharibika, akaletwa fundi matrekta kijana, Raphaeli Tluway, mzaliwa wa hapa Mbulumbulu. Raphaeli anasema alimwomba mwalimu mmoja amshikie tochi, na mwalimu huyo badala ya kushika tochi akaanza kumwuliza kila kifaa kinafanya nini. Kazi ya asubuhi moja ikachukua siku nzima. Baada ya hapo jenereta ile ilikaguliwa mara nyingi kuliko ilivyohitaji.

Ndoa yao haikuwa rahisi, na sioni sababu ya kuficha. Babu yake Raphaeli aliuawa na morani wa upande wetu siku walipokuja kuchukua ng'ombe. Wapo wazee hapa waliomfahamu. Baba yetu alipokuja kukaa na Mzee Tluway kuzungumzia posa, pande zote mbili zilianza kwa salamu ndefu. Hatimaye Mzee Tluway akasema, "Mzee Kaika, ng'ombe wetu wameshakwenda kwenu mara nyingi. Leo ndiyo mara ya kwanza tunawapeleka wenyewe, kwa mkono wetu." Baba alicheka mpaka akafuta macho. Walifunga ndoa tarehe 17 Julai 1976. Mungu aliwajalia watoto wawili: Basilisa, aliyezaliwa mwaka 1977, na Tobiko, aliyezaliwa mwaka 1980.

Januari 1983, Mzee Tluway alipozidiwa na kazi za shamba, Raphaeli alirudi nyumbani na familia yake, na Mwalimu Nosim akaanza kufundisha hisabati na fizikia katika sekondari ya Karatu mjini. Alikuwa mkali. Kazi iliyofanywa ovyo aliirudisha bila kuisahihisha. Nyumbani, Raphaeli ameniruhusu kusema, ugali wake haukuwahi kuiva vizuri hata siku moja, kwa sababu aliuacha jikoni akaenda kusoma.

Mwaka 1985 mtafiti mmoja wa wanyamapori aliyekuwa akikaa ukingoni mwa kreta ya Ngorongoro alimaliza muda wake. Nilikuwa nikimsaidia kuchunguza magonjwa ya mifugo na wanyama, na nilikuwa nimemweleza habari za dada yangu. Alipokuwa akifunga mizigo alimpa dada kompyuta yake ndogo, na kibali cha kubaki nayo kikapatikana. Ilikuwa kibao cha vitufe tu, ukubwa wa daftari, isiyo na kioo chake. Ilihitaji kuunganishwa na televisheni, na programu zake zilihifadhiwa kwenye kaseti, zile zile za muziki. Dada aliiweka mezani, akaiangalia, akaniambia, "Metui, nilidhani mimi na hii tumeshaagana."

Televisheni Karatu nzima tuliijua moja. Ilikuwa ya Bwana Hasani, mwenye mashine ya kusaga, aliyeileta kutoka Unguja kwa ajili ya kuonyesha sinema za Kihindi kwa video. Na jenereta alikuwa nayo. Mwalimu Nosim alikwenda kumwomba sehemu ya ghala lake kwa likizo ya mwezi wa sita, ili awafundishe wanafunzi kuandika programu kwa kutunga michezo.

"Mwalimu," akasema Bwana Hasani, "dizeli yenyewe naipangia foleni Arusha. Na watoto wakiiharibu televisheni, nitamwambia nini mke wangu?"

Sauti ya Bi Zuleha ikatoka ndani: "Mwambie mkeo ameshakubali."

Hivyo ndivyo masomo ya likizo yalivyoanza, mwezi Juni 1986. Watu wengi walimwuliza kwa nini michezo, wakati wanafunzi wanafeli hisabati. Alijibu kwamba mtoto akitunga mchezo wake mwenyewe hatakubali uwe na kosa, atalitafuta kosa hilo mpaka alipate, na kutafuta kosa ndiyo hisabati yenyewe. Walikuja Wamasai wa Enguserosambu na Ngorongoro waliokuwa wakikaa bweni, Wairaqw wa huku Mbulumbulu na Ganako, na watoto wa mjini, akiwemo Hamisa, binti wa Bwana Hasani.

Wiki ya kwanza hawakuigusa mashine. Mwanafunzi mmoja alikuwa kompyuta, wengine wakamwandikia maelekezo. Siku ya kwanza aliyekuwa kompyuta ni Olais, kijana wa kidato cha tatu kutoka Enguserosambu, na mwandishi alikuwa Felista Akonaay, wa kidato hicho hicho, kutoka hapa hapa Mbulumbulu. Felista alimwandikia atoke mlangoni, apinde kushoto, aende mbele. Hakuandika asimame wapi. Olais akaenda mbele. Akavuka uwanja, akaingia kwenye maharage ya jirani, akaendelea. Jirani akapiga kelele. Olais akageuza kichwa tu, akasema, "Samahani mama, mimi kompyuta," akazidi kwenda. Mwalimu Nosim alicheka akashindwa kumwita arudi. Kisha akaenda kwa jirani kuomba radhi, na Felista hakusahau tena kuandika mwisho.

Wiki iliyofuata walitakiwa kuchagua mchezo wa darasa zima. Hapo ndipo kelele zilipoanza. Olais na wenzake walitaka mchezo wa morani wanaochukua ng'ombe. Felista na wenzake walitaka mchezo wa mkulima anayefukuza ng'ombe kwenye ngano. Kila upande ulitaka mwingine awe adui. Watoto wa mjini walicheka pande zote mbili, kisha nao wakaambiwa maneno yao. Mwalimu aliwaacha wagombane mpaka wakachoka.

"Basi," akasema, "tutaweka wote wawili, mchungaji na mkulima. Ila mchezaji hatachagua awe nani. Mashine itapiga kura. Olais, unaweza kuanza mchezo ukajikuta una shamba. Felista, unaweza kujikuta una ng'ombe na nyasi zimekwisha. Andikeni sheria mkijua hivyo."

Olais aliniambia kwamba walirudi kwenye madaftari yao na kufuta karibu kila kitu walichokuwa wameandika.

Ikaja wiki ya tatu, na jambo ambalo wengi wenu mnalikumbuka. Maksai wa Mzee Akonaay, baba yake Felista, waliibwa zizini. Nyayo zilielekea upande wa Ngorongoro. Kesho yake mchana Mzee Akonaay alifika ghalani kwa Bwana Hasani pamoja na wanaume wengine, baadhi wameshika fimbo. Mwalimu Nosim alikutana nao mlangoni, akamwamkia.

"Mwalimu, shikamoo yako nitaipokea baadaye," akasema Mzee Akonaay. "Nimekuja kumchukua binti yangu."

"Binti ni wako, mzee. Ila naona kuna jingine lililokuleta."

"Nimeambiwa humu ndani watoto wanafundishwa kuiba ng'ombe. Nimeambiwa kijana wa Kimasai anabonyeza, na ng'ombe wa Mwiraqw wanahama. Na zizi langu tupu."

Mtu mmoja nyuma yake akapaza sauti kwamba vijana hao warudi kwao, na mwalimu wao awafuate. Ndani, Olais alisimama akaanza kukusanya vitu vyake. Dada, bila kugeuka, akasema, "Kaa, Olais. Darasa halijaisha." Kisha akamwambia Mzee Akonaay, "Aliyekuambia hivyo, mchezo ameuona?"

"Sijui."

"Basi uone wewe. Ukimaliza, kama bado unataka kumchukua Felista, nitakusaidia kubeba vitabu vyake."

Mzee Akonaay aliingia, akakalishwa mbele ya televisheni. Wengine wakabaki mlangoni. Felista mwenyewe ndiye aliyemwonyesha baba yake vitufe vya kwenda kushoto, kulia, juu na chini. Mashine ikapiga kura. Ikamfanya mchungaji.

"Imekosea," akasema. "Mimi ni mkulima."

"Haikujui, baba," Felista akamwambia. "Inapiga kura tu."

Hamisa alipata kuwa mkulima. Mchezo ukaanza. Mimi nilikuja kuuona baadaye: ng'ombe ni herufi tu, nyasi ni nukta, na kila zamu ikipita nukta zinapungua. Mzee Akonaay aliwapeleka ng'ombe wake upande mmoja, wakala, nyasi zikaisha. Akawapeleka upande wa pili. Ng'ombe mmoja akatoweka kwenye kioo.

"Amekwenda wapi?"

"Amekufa. Ni kiangazi."

"Na maji yako wapi?"

"Ng'ambo ya ngano."

"Ngano ya nani?"

"Ya mwenzako," Felista akasema, akamwonyesha Hamisa.

Mzee Akonaay hakutaka kupita kwenye ngano. Alizunguka kwa kufuata ukingo wa msitu, na huko simba akapata zamu yake. Ng'ombe wakazidi kupungua. Walipobaki wachache sana, aliondoa mkono wake juu ya vitufe, akakaa akiangalia kioo.

"Sasa huyu afanye nini?" akauliza.

"Hilo ndilo ninalowauliza watoto tangu Jumatatu," akasema dada. "Hawajapata jibu. Wewe una shamba na ulikuwa na ng'ombe. Wasaidie."

Mzee Akonaay alifikiri. Kisha akasema kwamba enzi za baba yake, wachungaji walikuja kuomba. Ngano ikishavunwa waliruhusiwa kulisha mabua, na samadi ikabaki shambani. Wakija kabla ya mavuno walionyeshwa njia ya kupita kando mpaka majini. "Hilo mmeliweka humu?"

Olais ndiye aliyejibu. "Hapana, mzee."

"Basi mchezo wenu haujakamilika."

Jioni hiyo Olais na Felista waliandika sehemu mpya ya programu. Mchungaji alipewa kitufe cha kupiga hodi, na mkulima kitufe cha kukubali au kukataa. Felista hakuchukuliwa. Watoto wanne walichukuliwa na wazazi wao na hawakurudi, na jambo hilo lilimwuma Mwalimu Nosim kuliko maneno aliyoambiwa mlangoni. Maksai wa Mzee Akonaay hawajapatikana hadi leo, wala hatujui aliyewachukua. Lakini msimu wa kulima ulipofika, Raphaeli alikwenda na trekta kumlimia, na baba yetu alituma kutoka Enguserosambu madume mawili ya kufundishwa jembe. Mzee Akonaay yupo hapa. Tangu jana yeye ndiye aliyeongoza uchimbaji wa kaburi hili.

Masomo ya likizo yalifanyika tena mwaka 1987 na 1988. Yalikuwa na misukosuko yake. Mwaka 1987 dizeli iliisha katikati ya kurekodi kaseti, na kazi ya darasa zima ikapotea. Hamisa alilia. Mwalimu alimpa kitambaa chake, akasubiri amalize, akasema, "Mtaiandika tena. Na mtaona, mara ya pili itakuwa fupi zaidi." Ikawa hivyo. Na mwanafunzi alipokwama, mwalimu aliweka mikono yake nyuma. Hakuwahi kumbonyezea mtu kitufe. Wengi walimchukia kwa hilo, kwa saa moja hivi.

Novemba 1987 miguu yake ilianza kuvimba. Alidhani ni uchovu. Machi 1988 Raphaeli alimpeleka hospitali Moshi, wakaambiwa ni figo, na kwamba zimeharibika zote mbili. Madaktari walimhudumia kwa upendo, na familia inawashukuru. Walimwambia pia ukweli bila kuzunguka, naye alipenda kuambiwa hivyo. Alirudi nyumbani akafundisha likizo ya mwaka huo akiwa amekaa kwenye kiti, miguu juu ya gunia la pumba alilowekewa na Bwana Hasani.

Mwaka huu, mwezi Juni, hakuweza tena kufika mjini. Alitaka kuwaandikia wanafunzi kwamba hakuna masomo. Raphaeli alikataa. Alifunga tela kwenye trekta, akaenda Karatu, akarudi na jenereta, televisheni na Bwana Hasani mwenyewe akiwa amekaa juu ya mizigo akiishikilia televisheni kwa mikono miwili. Darasa likawa sebuleni kwake, hatua chache kutoka hapa tulipo. Olais na Felista, ambao sasa wako masomoni mbele, walikuja kumsaidia kufundisha. Macho yake yalikuwa yamepungua nguvu, kioo hakukiona vizuri. Basi alisikiliza. Basilisa alimsomea programu za wanafunzi mstari kwa mstari, naye akiwa amefumba macho. Mara nyingine tulidhani amelala. Kisha tukamsikia, "Rudia huo mstari." Na kosa lilikuwa hapo, au mstari uliofuata.

Wiki ya mwisho ya masomo nilimleta mama yetu kutoka Enguserosambu. Mama hajui kusoma, na Kiswahili chake ni cha dukani. Kwa miaka yote alisikia kwamba binti yake anafundisha watoto mchezo wa ng'ombe ndani ya sanduku, na hakuelewa. Vijana wakamkalisha mbele ya kioo. Olais akamweleza kwa Kimasai kila herufi ni nini. Mama aliangalia kwa makini sana. Kisha akauliza swali moja, "Hawa ng'ombe wanaitwa nani?"

Olais akamgeukia mwalimu wake. Dada, pale kitandani alipokuwa amelala, pembeni mwa sebule, alianza kucheka. Ilikuwa muda mrefu hatujamsikia akicheka hivyo. "Miaka mitatu," akasema, "na hakuna hata mmoja wetu aliyefikiri kuwapa majina."

Siku mbili zilizobaki walifanya kazi hiyo. Mama alitaja majina ya ng'ombe aliowajua tangu usichana wake, na rangi zao, na tabia zao. Olais akatafsiri, Felista akaandika. Ng'ombe akifa katika mchezo, mashine haisemi tena "ng'ombe amekufa." Inamtaja. Mtoto mdogo wa hapa jirani, aliyekuja kucheza baadaye, alimpoteza mmoja akakataa kuendelea mpaka arudishiwe. Dada alisema sasa amemaliza, hana la kuongeza kwenye mchezo ule.

Mwalimu Nosim alifariki dunia nyumbani kwake Jumatano tarehe 9 Agosti 1989, saa nne asubuhi, akiwa na umri wa miaka arobaini na mitatu. Alikuwa amepokea sakramenti Jumapili. Asubuhi ile aliomba dirisha lifunguliwe, akamwuliza Raphaeli kama ngano ya upande wa juu imeshakauka vya kutosha kuvunwa. Raphaeli akamwambia bado kidogo. "Usiiharakishe," akasema. Hayo ndiyo maneno yake ya mwisho.

Ameacha mume, Raphaeli Tluway; watoto wawili, Basilisa na Tobiko; mama mzazi, Nanyokie; kaka, Lembris; mimi mdogo wake, Metui; na baba mkwe, Mzee Tluway. Baba yetu, Mzee Kaika, alimtangulia mwaka jana. Ameacha pia wanafunzi, na nimeombwa nisiwahesabu, kwa sababu hata waliochukuliwa na wazazi wao mwaka ule wamekuja leo na wamekaa na wenzao. Familia inamshukuru Bwana Hasani na Bi Zuleha, majirani wote wa Mbulumbulu, na kila aliyebeba maji, kuni au huzuni yetu siku hizi tatu. Vijana wamesema likizo ya Desemba masomo yatakuwepo, na Bwana Hasani amesema dizeli ataitafuta.

Limebaki neno moja, nimetumwa na mama. Kwa desturi yetu sisi Wamasai, mtu akishakufa jina lake halitajwi tena nyumbani. Tukitaka kumsema tutasema yule dada, au mama yake Basilisa. Leo mama ameniruhusu nilitaje mbele yenu mara nyingi hivi kwa kuwa ni wasifu, na wasifu hauwezi kusomwa bila jina. Baada ya hapa, kule kwetu, tutanyamaza. Lakini mama ameuliza Wairaqw wanafanyaje, akaambiwa kwamba ninyi hulitaja jina la marehemu. Akafurahi. Ameniagiza niwaombe: sisi tutakaponyamaza, ninyi mlitaje. Mwiteni shuleni, mwiteni shambani, watoto wenu wakiuliza ni nani, waambieni.

Nami nalitaja kwa mara yangu ya mwisho. Nosim, dada yangu, Mungu akupumzishe kwa amani yake.